Roketi ina lifti, ofisi yetu haina

Mniwie radhi wasomaji wangu, nimekuwa kimya wiki kadhaa. Kuna mradi ulionikaba koo. Leo nimerudi na hasira kidogo, na chanzo chake ni chai ya saa nne kazini.

Nilikuwa nawasimulia wenzangu kuhusu mwanamke wa kiti cha magurudumu aliyefika anga za juu. Mmoja wao akacheka. "Hiyo ni huruma tu ya wazungu, bana. Anga ni ya watu wenye mwili kamili." Wengine wakaitikia kwa vichwa. Mimi nilikuwa na andazi mdomoni, nikakosa jibu. Basi jibu langu ndilo hili.

Kwanza, mambo yalivyokuwa. Tarehe 20 Desemba 2025, Michaela Benthaus, mhandisi Mjerumani wa Shirika la Anga la Ulaya (ESA), aliruka kwa roketi ya Blue Origin kutoka Texas, Marekani. Uti wake wa mgongo uliumia katika ajali ya baiskeli mwaka 2018. Safari ilikuwa ya dakika kama 10 hivi, ikapita kilomita 100 kwenda juu. Mnajua walichoongeza kwa ajili yake? Ubao wa kutelezea kutoka mlangoni hadi kitini, na zulia la kutandika jangwani baada ya kutua ili afikishiwe kiti chake. Lifti ya kupanda ghorofa saba hadi kwenye chombo ilikuwepo tayari, kwa ajili ya kila abiria.

Ubao na zulia. Hiyo ndiyo huruma inayosemwa?

Sisi tunaoandika programu tunaujua ugonjwa huu vizuri. Umewahi kuona fomu ya mtandaoni inayokataa jina la Ng'ang'a kwa sababu ya ile ritifaa? Aliyeiandika alidhani majina yote duniani ni herufi tupu. Sasa, tumwambie Mzee Ng'ang'a abadilishe jina, au turekebishe programu? Hakuna mwanaprogramu mwenye akili zake atakayesema mzee ndiye mwenye hitilafu.

Masharti ya wanaanga yaliandikwa vivyo hivyo. Mwaka 1959 NASA ilipochagua wale saba wa kwanza wa mradi wa Mercury, ilitaka marubani wa majaribio wa kijeshi, wasiozidi kimo cha sentimita 180. Kwa nini 180? Kwa sababu chombo kilikuwa kidogo! Mtu wa sentimita 185 hakuwa na ugonjwa wowote. Na msidhani hayo ni ya kale tu. Machi 2019 Anne McClain na Christina Koch walitarajiwa kutoka pamoja nje ya Kituo cha Kimataifa cha Anga. Mpango ukabadilishwa kwa kuwa wote wawili walihitaji saizi ya wastani, na vazi la saizi hiyo lililokuwa tayari lilikuwa moja. Wanaanga kamili, wazima wa afya, wakazuiwa na nguo.

Kuna kisa kingine ambacho kingepaswa kutunyamazisha kabisa. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, NASA na Jeshi la Wanamaji la Marekani waliwafanyia majaribio wanaume 11 viziwi kutoka Chuo cha Gallaudet. Kumi kati yao walipoteza usikivu kwa homa ya uti wa mgongo, ambayo pia iliharibu sehemu ya sikio la ndani inayosimamia mizani ya mwili. Wakapakiwa kwenye meli katika bahari iliyochafuka karibu na Nova Scotia. Viziwi wakawa wanacheza karata. Watafiti ndio waliotapika hadi jaribio likasitishwa. Kichefuchefu ni tatizo kubwa la wanaanga, na hawa hawakuwa nalo kabisa. Walichangia sayansi ya safari za anga, lakini hakuna hata mmoja wao aliyepewa nafasi ya kuruka.

Najua mtaniuliza: na hatari ikitokea? Swali zuri, na sisemi kila mtu arushwe kesho. Ninachosema ni kwamba lipimwe, lisijibiwe kwa kicheko cha chai. ESA ilifanya hivyo. Ilimchukua John McFall, daktari mpasuaji Mwingereza aliyepoteza mguu wa kulia kwa ajali ya pikipiki, na ambaye alishinda shaba ya mita 100 katika Paralimpiki ya Beijing mwaka 2008. Alichaguliwa Novemba 2022. Wakachunguza mguu bandia kwenye mashine ya kukimbilia, maji ya mwili yanapohama kukosa uzito, hata namna ya kutoka chomboni kwa dharura. Februari 2025 akapewa kibali cha kiafya cha safari ndefu. Kumbukeni pia kwamba kule juu watu hujivuta kwa mikono, na wanaokaa miezi sita wakirudi hutolewa chomboni kwa kusaidiwa, wakakalishwa vitini. Hao ndio wenye mwili kamili!

Sasa niseme kinachoniuma. Chuoni nilisoma na jamaa wa kiti cha magurudumu. Darasani hakuna aliyemshinda kutafuta hitilafu kwenye programu. Mimi mwenyewe nilipita somo la hifadhidata kwa sababu alikesha akinifundisha. Tulipomaliza aliitwa usaili katika kampuni fulani hapa Nairobi, ghorofa ya tatu, hakuna lifti. Soja akampigia simu mtu wa juu, mtu wa juu akasema watamtafuta. Hadi leo. Na kazi yenyewe ni ya kukaa na kubonyeza kibodi!

Nikakasirika kwa niaba yake, nikatukana kampuni ile. Kisha nikapata kazi yangu hii, ghorofa ya tatu, ngazi tupu. Nimezipanda miaka mitatu bila kuwaza lolote. Ile chai ya saa nne tuliinywea huko huko juu. Mnajua kwa nini hapakuwa na mtu wa kumjibu mwenzangu ana kwa ana?

Jumatatu naenda kumwambia bosi wetu usaili wote ufanyiwe chini, kwenye chumba cha mapokezi, na anayefaulu apewe dawati huko huko hadi tutakapopata jengo lenye lifti. Akikataa nitawaambieni. Nanyi mnaofanya kazi maghorofani, leo mkishuka hesabuni ngazi, kisha mniandikie: nani hajawahi kufika kwenye usaili wenu?