Uliza Ukoo wa Gari Kabla Hujapenda Sura

BARAZA LA JUMAMOSI
Na Mwanaidi Kisairo

Msomaji mmoja wa Mbezi ameniandikia: "Shangazi, nimeona MINI Cooper nyekundu, paa jeupe, namba D. Bei iko chini ya Toyota IST. Dalali anasema kuna mtu mwingine anakuja na hela kesho asubuhi. Niichukue?"

Huyo mtu wa kesho asubuhi tumwache. Anakuja kila siku tangu yadi zilipoanza na hajawahi kufika. Tuzungumze bei, maana bei ndiyo inayowaponza wengi.

Inakuwaje gari lililoundwa Oxford chini ya BMW, ambalo likiwa jipya liliizidi IST kwa mbali, leo liuzwe Dar es Salaam kwa pesa pungufu ya IST iliyochoka? Nusu ya jibu iko Japani. Kule gari binafsi hukaguliwa kisheria baada ya miaka mitatu ya kwanza, kisha kila baada ya miaka miwili. Ukaguzi huo huitwa shaken, na kadiri gari linavyozeeka ndivyo gharama ya kuliandaa lipite inavyopanda. Mwenye gari la Ulaya akipiga hesabu ya vipuri anaona heri alipeleke mnadani. Bei inaporomoka, na huku kwetu mtu analiona kwenye simu na kudhani ameokota dodo chini ya mnazi.

Nusu nyingine ya jibu iko Gerezani, kwenye maduka ya vipuri. Bei ya IST si ya bati na viti. Unalipia uhakika kwamba ikizima Kibaigwa saa tano usiku, yupo kijana mwenye spana atakayeiwasha, na kama kuna kipuri kimekufa, basi la asubuhi litaleta kingine. MINI haina kijana huyo Kibaigwa. Soko linalijua hilo, ndiyo maana bei iko chini.

Sisemi watu wasiyanunue magari haya. Nayapenda. Barabara zetu zimejaa magari meupe na ya kijivu yanayofanana kiasi kwamba mtu anatafuta lake kwenye maegesho ya Mlimani City kwa kubonyeza rimoti na kusikilizia. Kigari chenye taa za mviringo na rangi ya maziwa kikipita, hata trafiki anatabasamu. Ninachosema ni kwamba sura hizo ni vazi, na anayetaka kununua lazima ajue nani kavaa. Zamani kijana akitaka kuposa, wazee walituma mtu kwenda kuulizia ukoo. Sura ya binti hawakuidharau, lakini sura kijana alikwishaiona mwenyewe. Kilichobaki ni kile ambacho macho hayaoni.

Mtindo huu wa kuunda gari jipya lenye sura ya zamani ulishika kasi na Nissan. Mwaka 1987 walitoa Be-1, magari 10,000 tu, na Wajapani wakagombania. Ikafuata Pao mwaka 1989, kisha mwaka 1991 Figaro, ile yenye kitambaa juu kinachokunjika na usukani mweupe. Figaro zilitengenezwa 20,000, na wateja walikuwa wengi kiasi kwamba wanunuzi walipatikana kwa bahati nasibu. Lakini fungua boneti: ndani ni Nissan March ya miaka ya themanini, injini ya lita moja yenye turbo na giaboksi ya otomatiki ya gia tatu. Zote tatu, Be-1, Pao na Figaro, ni March zilizobadilishwa nguo. Zilipendwa hadi Uingereza, ambako Figaro nyingi zilihamia kwa kuwa usukani wao pia uko kulia.

Wazungu waliliona hilo wakafuata. Volkswagen ilionesha gari la majaribio huko Detroit mwaka 1994, na miaka michache baadaye New Beetle ikaanza kutoka kiwanda cha Puebla, Mexico. BMW ikaleta MINI mpya mwaka 2001. Fiat ikaizindua 500 mjini Torino tarehe 4 Julai 2007, miaka 50 kamili tangu ile ya kwanza.

Hapo kwenye Beetle ndipo watu wa umri wangu wanaponaswa. Tuliikuta Volkswagen kwa walimu na mapadri. Mwaka 1962 gari lile lilishinda mbio za East African Safari likiwa na Tommy Fjastad kwenye usukani, katika njia zilizopita Kenya, Uganda na Tanganyika, na yeyote anayekumbuka barabara za wakati huo anajua maana yake. Injini yake ilikaa nyuma na ilipozwa kwa hewa. Halikuwa na rejeta, kwa hiyo hakukuwa na maji ya kuchemka. Fundi wa baiskeli mwenye akili aliweza kulihangaikia likaondoka.

New Beetle haina hata nati moja ya gari hilo. Ni Golf ya kizazi cha nne. Injini iko mbele, ina rejeta, ina viungio vya plastiki vya kupitishia maji ambavyo hukakamaa na kupasuka, na ina giaboksi ya otomatiki ambayo ikianza kuruka gia hakuna wa kuibembeleza. Injini ya lita mbili yenye vali nane, ambayo ndiyo iko kwenye nyingi, ni mtulivu na mvumilivu; sina ugomvi nayo, ilimradi mkanda wa taimingi ubadilishwe kwa wakati pamoja na pampu ya maji. Kama fundi wako ameishi na Golf, endelea. Kama unainunua kwa sababu baba mkubwa alikuwa na Volkswagen akaiendesha hadi Tukuyu, jua kwamba hiyo unayoitazama haikuzaliwa kwenye ukoo ule.

Sasa MINI, maana ndiyo iliyoulizwa na ndiyo iliyojaa mjini.

Kuna vizazi viwili vinavyopatikana kwa wingi kwenye mtumba, na wauzaji wetu wengi hawavitofautishi. Cha kwanza ni cha 2001 hadi 2006. Injini yake ya lita 1.6 ilitengenezwa Brazil, kwa ubia wa BMW na Chrysler, na ni injini ngumu. Ugonjwa wake ni giaboksi ya otomatiki isiyo na gia za kuhesabika, ile CVT iliyowekwa kwenye One na Cooper za kawaida. Ikifa, gharama ya kuifufua inaweza kukaribia bei ya gari zima. Pampu ya umeme ya usukani nayo hufa, na usukani unageuka wa lori. MINI ya kizazi hiki yenye gia za mkono ningeinunua leo bila kusali.

Kizazi cha pili kilianza mwishoni mwa 2006, na hapa pana kazi. Injini yake ilibuniwa na BMW pamoja na Peugeot-Citroën. Hiyo Peugeot msiichanganye na 504 ya wajomba zetu. Cheni ya taimingi ya injini hii hukazwa na kikazio kinachotegemea presha ya oili, na injini yenyewe ina tabia ya kula oili. Mwenye gari anasubiri sevisi kama alivyozoea na Vitz, oili inapungua kimyakimya, kikazio kinalegea, cheni inachezacheza. Siku ikiruka meno, vali na pistoni vinakutana. Cooper S za turbo za miaka ya mwanzo, kabla ya 2010, ndizo zinazosumbua zaidi: ongeza pampu ya mafuta ya presha kubwa inayochoka mapema, na masizi yanayojazana kwenye vali kwa sababu petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda na haipiti kuziosha.

Dawa yake ni kufika alfajiri. Mwambie dalali hutaki gari lililowashwa. Ukifika, weka kiganja kwenye boneti. Ikiwa ya moto, kuna mtu amekutangulia kuficha kitu, rudi siku nyingine. Ikiwa baridi, vuta kijiti cha oili kwanza, kisha liwashwe wewe ukiwa umesimama mbele na redio imezimwa. Mlio mkavu wa chuma kwenye zile sekunde za mwanzo ndio cheni. Wataanza kukwambia ni baridi ya asubuhi. Dar es Salaam, baridi gani?

Halafu chungulia chini ya gari kutafuta maji. Kibebeo cha themostati ni cha plastiki na huvuja. Wenzetu wengi wakiona maji yamepungua wanaongeza ya bomba badala ya kulanti, na injini hizi za aluminiamu hazisamehe kutu. Maji yenye rangi ya chai kwenye tanki la rejeta yanatosha kukuondoa pale.

Tairi nazo zitazame. MINI nyingi hutembea na tairi za ukuta mgumu zinazoweza kwenda bila upepo, kwa hiyo buti halina tairi ya akiba. Kwa barabara za Munich ni ujanja mzuri. Kwa mashimo ya Goba utausikia uti wa mgongo, na pancha ikitokea Chalinze hujui pa kuanzia. Tena gari lenyewe liko chini. Masika Jangwani ikijaa, usishindane na daladala.

Hilo la namba D nalo lisikuhadae wala lisikutishe. Herufi kwenye kibao inaeleza gari liliandikishwa lini hapa nchini. Gari la 2004 lililoingia juzi lina namba E, na la 2009 lililotunzwa na daktari mmoja tangu liingie lina namba D. Umri umo kwenye kadi na kwenye namba ya chesisi. Anayeagiza mwenyewe kutoka Japani apitie kwanza kikokotoo cha TRA mtandaoni, kwa kuwa gari kuukuu huongezewa kodi kwa ajili ya umri wake, na magari haya ya sura ya kizamani mengi ni makuukuu kwelikweli. Wasomaji wa Kenya wao wana sheria ya kutoingiza gari lililozidi miaka minane. Wanachokiona Nairobi kilichozidi umri huo kiliingia zamani, hivyo watafute zaidi historia ya matunzo ya humo humo nchini.

Fiat 500 sitaizungumza sana. Nzuri, ndogo, inaegesheka popote. Otomatiki zake nyingi ni gia za mkono zinazobadilishwa na roboti, na roboti huyo akigoma unahitaji fundi mwenye mashine yake. Mtafute fundi kwanza, gari baadaye.

Ukiniuliza mimi ningeweka wapi pesa, sitakuficha: Nissan March Bolero. Ni March ile ile inayozunguka mjini, imepewa grili ya kizamani na mapambo ya kutosha kumfanya jirani aulize ni gari gani hili. Bampa ndiyo utaihangaikia. Bushi, shokapu na plagi ni za March. Ukibahatika kukutana na Toyota WiLL Vi ya mwaka 2000 au 2001, ile yenye kioo cha nyuma kilichoinama kuelekea ndani, usicheke. Injini yake ya 1.3 ni 2NZ, ndiyo hiyo hiyo iliyomo kwenye IST ya 1.3. Kwa anayezunguka Sinza na Kijitonyama tu, Suzuki Lapin ya cc 660 inatosha kabisa, ingawa ukipanda nayo Lushoto na watu wanne mtapata muda wa kutosha wa kutazama mandhari.

Mtaniambia Bolero si ya kweli, ni March inayojifanya. Figaro nayo ilikuwa hivyo hivyo, na New Beetle, na nyingine zote. Tofauti ni kwamba huyu anajifanya akiwa na ndugu kila mtaa.

MINI nyekundu ya Mbezi basi: kama ni ya kizazi cha kwanza na ina gia za mkono, mpigie dalali. Kama ni ya turbo ya 2008, na muuzaji hana risiti ya cheni, mwache huyo mtu wa kesho asubuhi aichukue.

Limebaki moja, nalo ni la wenye yadi. Gari lililopita mnadani Japani huwa na karatasi ya mkaguzi. Pale kuna alama ya ubora, kilomita, na mchoro wa bodi wenye herufi: A kwa mkwaruzo, U kwa bonde, W palipokarabatiwa, XX kwa kipande kilichobadilishwa. Gari lililopata ajali na kutengenezwa huandikwa R. Mnazo karatasi hizo, au mnaweza kuzipata kwa aliyewauzia. Mnunuzi akiuliza mnamwambia zimepotea bandarini. Zibandikeni kwenye kioo, pembeni ya bei, na wateja wenu muwaachie wajiamulie wenyewe.