Kamera kwenye meli za uvuvi ni sawa, lakini hesabu itamfikia nani?

Mvuvi wa Ngomeni au Kipini hahitaji mtaalamu wa kumweleza maana ya samaki kutupwa. Trola la kamba likiinua wavu, kamba huwa wachache kuliko samaki wengine waliozolewa nao: wadogo, wasio na soko kwa mwenye meli, na pengine kasa. Wasiotakikana hurudishwa majini, wengi wameshakufa. Malalamiko ya aina hii, pamoja na nyavu za wavuvi wadogo kukatwa, yalichangia matrola kusimamishwa katika ghuba ya Malindi na Ungwana mwaka 2006. Yakarudi 2011 chini ya mpango mpya wa usimamizi.

Shirika la FAO, katika ripoti yake ya 2019, lilikadiria kwamba tani milioni 9.1 za samaki hutupwa baharini kila mwaka duniani, na karibu nusu yake ni kazi ya nyavu za kukokotwa chini. Dini yetu inakataza israfu hata katika maji ya udhu. Tuseme nini basi juu ya riziki inayotupwa kwa tani?

Sasa wakubwa wanaleta akili unde. Kamera hufungwa juu ya sitaha, zikirekodi kila wavu unapopanda. Zamani mtu alilazimika kukaa akitazama saa nyingi za video. Sasa kompyuta iliyofunzwa kwa maelfu ya picha humtambua samaki, humkadiria urefu, na huhesabu anayebakishwa na anayetupwa. Umoja wa Ulaya umepitisha sheria kwamba kuanzia Januari 2028, meli zake za mita 18 au zaidi zenye hatari kubwa ya kuvunja sheria ya kutotupa samaki zifungwe kamera. Katika bahari yetu, tume ya jodari ya Bahari Hindi, yenye makao Ushelisheli na ambayo Kenya ni mwanachama, ilipitisha viwango vya ufuatiliaji wa kamera mwaka 2023. Pengo ni kubwa, kwa maana tume hiyo hudai meli kubwa ziwe na waangalizi kwa angalau asilimia 5 tu ya shughuli zake.

Naunga mkono kamera hizi, ila kuna mambo matatu ya kuangaliwa.

Kwanza, mashine hujua ilichofundishwa. Iliyofunzwa kwa samaki wa Ulaya haitamjua tafi, changu wala kolekole. Picha zipigwe hapa, na wanaojua samaki hawa kwa majina yao, yaani wavuvi wetu wakishirikiana na watafiti wa KMFRI, wahusishwe na walipwe.

Pili, kamera haimzuii mtu. Lenzi hujaa chumvi, na nahodha mjanja anaweza kumwaga samaki upande usioonekana. Faida huja pale hesabu inapotumika: eneo lenye samaki wachanga wengi lifungwe kwa muda, au wavu ubadilishwe.

Tatu, na hili ndilo zito, hesabu hiyo itakaa kwa nani? Mvuvi wa dau hushusha samaki wake bandarini mbele ya macho ya watu, na kamati ya BMU huandika alicholeta. Meli kubwa humwaga yake mbali, pasipo shahidi. Ikiwa video zitabaki kwa mwenye meli na ofisi moja Nairobi, tutakuwa tumenunua jicho jipya ambalo sisi hatuoni nalo.

Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Basi leseni ya trola iandikwe wazi kwamba kamera ni sharti, na kwamba muhtasari wa waliovuliwa na waliotupwa utafika kwa BMU za eneo hilo kila mwezi, kwa Kiswahili. Na kazi ianze na meli kubwa. Mwenye mshipi na dema asije akawa wa kwanza kuchunguzwa kwa sababu tu yuko karibu.

Viongozi wa BMU, swali hili lipelekeni kwenye vikao vya maoni ya umma kabla leseni nyingine hazijatolewa. Zikishatolewa, tutabaki kulalamika ufuoni kama kawaida.