Wacheni Kumfinya Mtoto Pua

Wazazi wa Meru na Embu, leo tuambiane ukweli. Ng'ombe tunao, gari la ushirika linachukua maziwa kila asubuhi, halafu mtoto wa miaka 2 akikataa kikombe anafinywa pua na kumiminiwa mdomoni. Hayo si malezi, hiyo ni vita. Na anaweza kupaliwa!

Umri huo anahitaji kama vikombe 2 kwa siku, na nani alisema lazima ayanywe? Pondea mukimo wa ndizi na maziwa. Pika uji nayo. Mpe mala, ama yogati isiyo na sukari. Akikataa leo, jaribu kesho bila kelele.

Na wewe unayesema, "Si anakunywa chai?" Hapana! Majani ya chai yanazuia mwili kupata madini ya chuma kutoka kwa chakula. Hata maziwa yenyewe yakizidi yanamshibisha, anakataa ndengu na mayai, damu inapungua.

Kwa hivyo kabla mtungi uende barabarani, toa vikombe 2, chemsha, weka kando. Mteja wa kwanza ako hapo nyumbani.