Barua ya Wazi kwa Waziri wa Mazingira wa Kenya: Bei ya Mikoko Isomwe Barazani

Mheshimiwa Waziri,

Maji yakipwa katika ghuba ya Gazi, Kaunti ya Kwale, wanakijiji huingia matopeni kupima mikoko. Vipimo hivyo vina soko. Tangu 2013, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, vijiji vya Gazi na jirani yake Makongeni vinauza hewa ya ukaa inayofungiwa na hekta 117 za mikoko, takriban tani 3,000 kwa mwaka.

Miaka ya 1970 mikoko hiyohiyo ilikatwa ovyo, ikaishia kuwa kuni kwenye tanuri za chokaa na matofali. Marufuku pekee isingeiokoa, kwa sababu anayejenga hutafuta boriti na anayepika hutafuta kuni. Ndiyo maana mradi ulipanda mivinje nchi kavu, shoka lielekee huko. Hii ndiyo busara ya Gazi: soko halikuachiwa kazi peke yake. Fedha zilivuta maji ya bomba na kununua vitabu vya shule, na matumizi yake huamuliwa na wenyeji, wakiwemo wavuvi wanaojua kwamba samaki wachanga hukulia kwenye mizizi ya mikoko. Mwaka 2017 mradi ukapata Tuzo ya Ikweta ya UNDP. Mwaka 2019 vijiji vya Vanga, Jimbo na Kiwegu vikafuata nyayo kwa hekta 460 hivi.

Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi, iliyorekebishwa 2023, inataka miradi ya kaboni inayotegemea ardhi iipe jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia. Ni kifungu chema sana. Lakini mapato yaliyohesabiwa kwa bei ipi? Tani moja yaweza kupita kwa madalali kadhaa kabla ya kumfikia anayeitumia, na mwenye mikoko akaijua bei ya kwanza tu.

Wizara inaombwa mambo mawili. Daftari la kitaifa la kaboni lionyeshe bei ya kila mauzo, kuanzia kijijini hadi kwa mnunuzi wa mwisho. Na kila mkataba usomwe barazani kwa Kiswahili kabla haujatiwa sahihi, pamoja na muda wake na masharti ya kujitoa. Mikataba hii huweza kukifunga kijiji kwa miaka 20 au zaidi. Wanaofungwa nayo wana haki ya kutengewa siku nzima ya kuisikia na kuuliza maswali.