Njia ya miguu nayo ni barabara

Mama na papa mnaotusikiliza hapa Kakontwe, na ninyi jamaa mliofika Likasi kwa kukimbia vita vya kaskazini, kuna maneno yanayosemwa mjini ambayo yanastahili jibu. Wanasema: "Watu wa vijijini wamezoea kutembea. Siku tano, siku sita kwa miguu si kitu kwao."

Ni uongo. Mtu anazoea kwenda shambani na kurudi jioni. Hakuna anayezoea kutembea juma zima na mtoto mgongoni, bidoni kichwani, mzee nyuma anayeomba kupumzika kila baada ya mlima, na unga wa bukari umekwisha tangu siku ya tatu.

Tazameni njia yenyewe. Kutoka Mitwaba mpaka hapa, hata ukipima kama ndege anavyoruka, ni zaidi ya kilomita 250. Mwenye miguu hanyooshi kama ndege. Anashuka kutoka milima ya Kibara, anafuata mabonde kuelekea Lufira, Kundelungu ikiwa upande wa kushoto, milima ya Upemba upande wa kulia. Vijiji viko mbalimbali. Mwezi wa saba, baridi ya usiku kule juu inauma mpaka mifupa. Mvua zikianza mwezi wa kumi na moja, kijito cha jana kinakuwa mto wa leo.

Na ni mwezi huo wa Novemba, mwaka 2005, jeshi lilipoanzisha mashambulizi dhidi ya Mayi-Mayi wa Gédéon. Watu karibu 150,000 walikimbia makwao. Wengine walifika Dubie, wengine walijificha kwenye visiwa vya majani vinavyoelea katika ziwa Upemba. Gédéon alipotoroka gereza la Kassapa tarehe 7 Septemba 2011, mambo yalianza upya. Kufika mwaka 2013, waliohama makwao katika Katanga nzima walikuwa wamepita 300,000. Hawakupandishwa kwenye malori. Wengi walitembea, na mwenye bahati alisukuma kinga iliyobeba godoro na sufuria.

Sasa kuna wanaotamani mabonde hayohayo yawe njia ya watalii. Wanatuonyesha Rwanda: kule ng'ambo ya ziwa Kivu, toka Rubavu mpaka Rusizi, kuna njia ya kilomita 227 ambayo wageni wanaitembea kwa siku kumi hivi, na wanakuta mahali pa kulala. Wanasema sisi tuna maporomoko ya Lofoi, maji yanayoanguka zaidi ya mita 300, tuna mbuga ya Upemba tangu 1939, kwa nini tusifanye vilevile?

Tufanye. Hatukatai wageni wala pesa zao. Tunachokataa ni mpango wa kumchimbia mgeni kisima mahali ambapo mama wa Mitwaba alipita na kiu miaka yote hiyo bila mtu kumfikiria. Mgeni akichoka, anapiga simu gari limfuate. Mkimbizi akichoka, anakaa chini ya mti. Kama njia inaweza kutengenezwa kwa ajili ya anayetembea kwa kupenda, iliweza kutengenezwa kwa ajili ya anayetembea kwa kuogopa.

Halafu kuna bariera. Mwaka 2017 watafiti wa shirika la IPIS la Ubelgiji walihesabu bariera karibu 800 katika Kivu ya Kaskazini na ya Kusini, na walionyesha kwamba karibu kila kinachopita kinalipishwa. Tusijidanganye kwamba ugonjwa huo ni wa Kivu peke yake. Kamba na fito mbili zinatosha kuuanzisha popote.

Linganisheni. Mwenye lori anayetoka Likasi kwenda Lubumbashi analipa peaji ya Lukutwe, anapewa risiti, anapita juu ya lami. Mwenye miguu akilipishwa kwenye kamba, risiti hapewi, lami haioni. Analipia nini? Vumbi?

Na sheria iko wazi. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 30, inampa kila mtu haki ya kutembea katika nchi, kukaa anapotaka, kutoka na kurudi. Kifungu cha 174 kinasema kodi haiwekwi isipokuwa kwa sheria. Wapi sheria inayomtoza anayekimbia risasi, au anayerudi kutazama kama nyumba yake bado imesimama?

Watatuambia serikali haina pesa. Basi tuanze na kisichohitaji pesa: kuondoa kamba hakuhitaji hata falanga moja. Kinachofuata ni kidogo. Kila mwendo wa siku moja, chemchemi iliyofunikwa vizuri na paa la kulala. Kwenye vivuko vikubwa, daraja la miti linaloangaliwa kabla ya mvua. Na zahanati za njiani zipewe dawa kwa kufikiria pia wanaopita, si wakaaji peke yao.

Hii si kazi ya mama mwenye mtoto mgongoni kubishana na mwenye bunduki. Ni kazi ya wasimamizi wa teritware, ya gavana, na ya wabunge wa jimbo walioko Lubumbashi. Wakija kuomba kura Kakontwe, tusiwaulize tu habari za umeme na maji ya hapa mjini. Tuwaulize pia: njia ya Mitwaba mmeifanyia nini?

Ninyi jamaa mnaofikiria kurudi, swali hilo ni lenu kuliko letu. Mkiambiwa kuna amani, rudini nyumbani, ulizeni kwanza: kwa njia gani, tutalala wapi, na nani ameondoa kamba? Anayewatuma mrudi bila kujibu hayo hawarudishi nyumbani. Anawaondoa tu machoni pake.