Mti upo Kiwengwa, maelezo yake yapo kwa Kilatini

Andika "dawa ya sukari ya mitishamba" kwenye simu ukiwa Kiwengwa, majibu yanajaa kioo kabla bando halijakata. Mengi ni ya muuzaji: picha ya chupa, namba ya WhatsApp na yale maneno yaliyozoeleka, "popote ulipo tunakutumia". Jina la mmea mara nyingi halipo. Onyo ndiyo kabisa.

Taarifa nzuri zipo, tena nyingine za bure. Ila hazifunguki kwa neno "mitishamba". Zinafunguka kwa jina la kitaalamu la mmea, lile la Kilatini, na hapo ndipo wengi wanapobaki nje ya mlango.

Kijiji hiki cha kaskazini mashariki mwa Unguja kinajulikana zaidi kwa hoteli na ufukwe. Lakini jirani na hoteli hizo kuna hifadhi ya Kiwengwa-Pongwe, msitu wa maweni wenye mapango, ambako watembeza wageni huonyesha miti na kueleza upi ni dawa ya nini. Maarifa hayo yanapita mdomo kwa mdomo, na mti wenyewe upo mbele ya macho. Tatizo linaanza pale jina linapoachana na mti na kuingia kwenye simu.

Jina moja, miti miwili

Chukua neno mbono. Kwa mmoja ni mnyonyo, ambao kitaalamu ni Ricinus communis. Kwa mwingine ni mbono kaburi, Jatropha curcas, ule unaopandwa kuwa ua wa shamba. Mbegu za yote miwili zina sumu. Mafuta ya nyonyo yaliyotengenezwa inavyotakiwa yametumika miaka na miaka kusafisha tumbo, kwa sababu sumu hubaki kwenye makapi. Mafuta ya mbono kaburi yenyewe ni sumu.

Sasa mtu anasoma mahali kwamba "mafuta ya mbono" yanasaidia choo kigumu. Bila picha wala jina la pili, atajuaje mbono upi?

Hata mti usiochanganywa na mwingine una mambo yake. Mwarobaini kila mtu anaujua, na jina lenyewe linajitangaza kwamba linatibu maradhi arobaini. Tafuta kwa Kiswahili, utakutana na sifa tu. Tafuta Azadirachta indica, na pamoja na sifa utakuta ripoti za kitabibu za miaka ya 1980 kutoka Malaysia, za watoto wachanga waliopewa mafuta ya mbegu zake wakaanza kutapika, kulegea na kupata degedege. Onyo la aina hii mzazi wa Kiwengwa angepaswa kulipata kwa Kiswahili, na bila kutoa jasho.

Njia inayofaa kwa sasa ni ya kuzunguka kidogo. Mradi wa PROTA, ulioendeshwa kutoka Wageningen, Uholanzi, umekusanya maelezo ya mimea ya Afrika ya kitropiki na kuorodhesha hadi majina ya Kiswahili, kwa hiyo mtu anaweza kuanza na "mlonge" akaishia Moringa oleifera. Hifadhidata ya Prelude, ya makumbusho ya Tervuren nchini Ubelgiji, inaonyesha mmea umetumika wapi na kwa ugonjwa gani. PubMed ya Marekani inatoa muhtasari wa tafiti bure. Programu ya Pl@ntNet hutambua mmea kwa picha, ingawa inakisia tu. Mzee anayeujua msitu bado anaishinda.

Kuna neno moja la kuliangalia humo: "hutumika". Mtafiti anapoandika kwamba majani fulani hutumika kwa presha, ameandika alichoambiwa na mganga. Hajasema yanaponya. Na dawa iliyoua vijidudu kwenye maabara haijamtibu mtu bado. Wauzaji wa mtandaoni wanaruka hatua hizi zote mbili kana kwamba hazipo.

Kinachouma ni kwamba sehemu ya maarifa hayo yametoka hapa hapa. Muhimbili imekuwa na kitengo cha utafiti wa dawa za asili tangu 1974, ambacho leo ni Taasisi ya Tiba Asili. Orodha kubwa ya mimea ya dawa ya Tanzania ilichapishwa kwa sehemu 1982 na 1983 katika jarida la kisayansi la Kiingereza. Waganga walieleza kwa Kiswahili na lugha zao, kisha maelezo yakapanda juu kwa Kiingereza. Kushuka tena kwa Kiswahili, kwa namna inayosomeka kwenye simu, ndiko kulikosahaulika.

Chupa inayovuka bahari

Upande wa sheria nao una kona yake. Afya si jambo la Muungano. Bara ina sheria ya tiba asili na tiba mbadala ya 2002 na baraza lake. Zanzibar ina sheria yake ya 2008 na baraza lake. Chupa inayoagizwa Dar kwa simu na kuletwa kwa boti inatoka kwenye mfumo mmoja na kuingia mwingine. "Nimesajiliwa" ya muuzaji inahitaji swali la pili: na baraza lipi?

Halafu kuna dawa za hospitali. Mlonge na habasoda vimeonekana katika baadhi ya tafiti kushusha sukari, jambo linalosikika zuri hadi pale bibi anayevitumia anapokuwa pia anachoma insulini. Vikikutana, sukari inaweza kushuka kupita kiasi: jasho, kutetemeka, hata kuzimia. Nesi wa kliniki hawezi kulikisia hilo kama haambiwi, na wagonjwa wengi hawasemi, wakiogopa kugombezwa.

Kuanza si kazi kubwa. Miti 20 inayotumika zaidi Unguja, kila mmoja na picha, jina la kienyeji, jina la Kilatini, sehemu yenye sumu na dawa za hospitali usizopaswa kuchanganya nao, kwenye ukurasa mwepesi usiokula bando.