Umeme na Maji Yenye Dawa ya Magugu

Mvua inyeshapo juu ya vilima vya Ngara, maji huteremka mashambani kuelekea mito ya Ruvubu na Kagera; Biharamulo nako hutafuta mabonde yao. Shamba likiwa limepuliziwa dawa ya kuua magugu, sehemu ya dawa huteremka nayo. Kuyachemsha maji hayo huua vijidudu, lakini atrazini, itumiwayo katika mahindi, hubaki; tena maji yakipungua kwa mvuke, dawa huzidi kukolea.

Maabara zimeonyesha njia nyingine. Mkondo wa umeme ukipitishwa majini kati ya elektrodi mbili zinazofaa, huzaliwa chembe kali za haidroksili ambazo huivunjavunja dawa. Elimu hii yastahili kufundishwa. Lakini wanaoishangilia hukosea wanapopima jambo moja tu, yaani kutoweka kwa dawa. Atrazini yaweza kuacha asidi ya sayanuriki, iliyo ngumu kuvunjika. Na maji yenye kloridi yaweza kuzaa kloreti, ambayo ina madhara yake.

Kwa hiyo, ijapokuwa Rusumo pana kituo cha umeme cha megawati 80, mtambo usio na mpimaji wa maji haufai kuwekwa kijijini. Kwa sasa bomba la kupulizia lingeoshewa shambani, mbali na kisima, na maji yake yakamwagwa juu ya shamba lilelile.